Namna ya kuendesha kikao cha kusikiliza kwateti na kupata maoni ya kweli ya wasikilizaji

Kila nikitaja kwamba Jumamosi nilikaa na watu kumi na mmoja hapa Walukuba, Jinja, tukasikiliza kwateti, yaani wapigaji wanne: fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na chelo (ile kubwa ya sauti nzito), maswali huwa yale yale. Lazima nijue kusoma noti? Watu hawatacheka? Wakisinzia je? Niwaeleze nini kabla? Nimeshajibu kwa simu mpaka bando likaisha, kwa hiyo leo nayaandika yote kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kutafuta spika hadi kusoma karatasi za maoni.

La noti nalijibu hapa hapa: si lazima. Mimi mwenyewe husoma noti kwa kuzihesabu na kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Muziki ninaouzungumzia ni ule wa kiklasiki wa kikundi kidogo, ambao wengi huuita muziki wa chemba. Wapigaji ni wawili hadi wanane hivi, kila mmoja ana sehemu yake ambayo hakuna mwingine anayeipiga, na hakuna kondakta wa kuwaongoza kwa mkono. Na ninasema wa watunzi wa zama zetu, yaani tangu miaka ya 1970 kuja huku. Huo ndio muziki unaosemwa kwamba watu wa kawaida hawawezi kuuvumilia. Nimeona wakiuvumilia, na nimeona wakitoka nje. Yote mawili ni maoni, na kazi yako ni kuyapata yakiwa mabichi.

Tukubaliane jambo moja kabla hujatoa hata shilingi. Kikao hiki si darasa la kuwafanya watu waupende muziki fulani. Unataka kujua walisikia nini. Ukichanganya haya mawili, watu watakuambia unachotaka kusikia, kwa adabu kabisa, halafu watakwenda nyumbani.

Utakavyohitaji

Spika moja nzuri yenye besi inayosikika. Spika ya simu haifai hata kidogo: chelo hupotea yote na fidla hulia kama mbu. Nami nashauri uunganishe kwa waya, kwa sababu kwa blututhi mtu akikupigia simu, kikao kizima kinaisikia simu yako.

Muziki uliopakuliwa tayari, kwenye simu na kwenye flashi pia. Usitegemee mtandao. Kipande kikikatika katikati ili kiduara kizunguke, umeshapoteza watu.

Umeme wa akiba. Angalia Yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti, kisha usiiamini. Spika yenye betri iliyochajiwa ni bora kuliko jenereta, maana jenereta itapiga nawe kwateti ikawa kwinteti, ya wapigaji watano.

Karatasi za kutosha, kila moja nusu ukurasa, na kalamu. Watu wazima hawabebi kalamu siku hizi.

Mtu mmoja wa kukusaidia kuandika, anayejua Kiswahili na pia Lusoga au Luganda, au lugha yoyote inayotumika mtaani kwako.

Wasikilizaji sita hadi kumi na watano. Chini ya hapo watu huona haya. Zaidi ya hapo wa nyuma huanza kikao chao. Changanya umri. Ukialika kwaya peke yake utapata maoni ya kwaya.

Chumba chenye dari. Nalisema hili kwa uchungu: kikao changu cha pili nilikifanya kwenye ukumbi wa shule moja wenye mabati matupu, mvua ya alasiri ikashuka dakika ya nne, na hadi leo sijui wale watu walitoa maoni juu ya muziki au juu ya mabati.

Chai na mandazi. Vije baada ya kikao, si kabla.

Hatua ya 1: Chagua vipande, visizidi vitatu

Jumla ya muda wa muziki isizidi dakika 25. Utasikiliza kila kipande mara mbili, kwa hiyo hizo ni karibu saa nzima ya masikio. Nakuwekea vile ninavyovitumia, uanze navyo kisha utafute vyako.

Cha kwanza ni Clapping Music ya Mmarekani Steve Reich, ya mwaka 1972. Ni watu wawili wanaopiga makofi tu. Wote huanza na mpangilio mmoja wa mapigo 12. Mmoja anabaki palepale, mwenzake anasogea pigo moja, halafu jingine, mpaka baada ya kusogea mara 12 wanakutana tena. Huchukua kama dakika tano. Faida yake ni kwamba hakuna anayeweza kusema hajui chombo hicho.

Cha pili ni cha nyumbani. Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951 na kufundisha Makerere miaka mingi, aliandika mwaka 1988 kwateti ya nyuzi iitwayo Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba. Sehemu yake ya kwanza ilirekodiwa na Kronos Quartet ya Marekani kwenye albamu ya mwaka 1992, Pieces of Africa. Ni fidla na chelo za Kizungu zinazotembea mwendo wa Kiganda.

Cha tatu kiwe cha polepole. Spiegel im Spiegel ya Arvo Pärt wa Estonia, ya mwaka 1978, ni fidla na kinanda tu, haina haraka na haipandi popote. Baada ya vile viwili vya mwanzo, hapo ndipo utaona nani anapumua na nani anatazama saa.

Kikao cha kwanza kinatosha na hivyo. Vigumu zaidi vije baadaye. Different Trains ya Reich, ya mwaka 1988, ni kwateti inayopigwa pamoja na kanda yenye sauti za watu na za treni. Black Angels ya George Crumb, ya mwaka 1970, ni ya kwateti iliyoongezewa umeme; inaanza kwa sauti kali za wadudu, na ndani yake wapigaji huhesabu kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Usiwaambie wasikilizaji hilo la Kiswahili. Subiri uone nani atashtuka.

Tahadhari: vipande hivi viwili vya mwisho vina kumbukumbu ya vita. Different Trains ina ving'ora katika sehemu yake ya pili, na sauti zinazosikika humo ni za Wayahudi walionusurika maangamizi ya Wanazi katika Vita Kuu ya Pili. Black Angels iliandikwa wakati wa vita vya Vietnam. Hapa Uganda huwezi kujua aliyekaa mbele yako amepitia nini: anaweza kuwa ametoka Gulu, ametoka Kongo, ametoka Sudan Kusini. Sema mapema kwamba kutakuwa na ving'ora au sauti za kutisha, na kwamba mtu anaweza kutoka bila kueleza kwa nini.

Na usilete maajabu ya kujisifu. Kuna kwateti ya pili ya Morton Feldman, ya mwaka 1983, ambayo huweza kuchukua kama saa sita. Rafiki yangu aliniomba tuijaribu. Nilimwambia alete mandazi ya saa sita.

Hatua ya 2: Sikiliza wewe kwanza, mara tatu

Mara ya kwanza bila kufanya lolote. Mara ya pili ukiwa na saa mkononi, uandike dakika ambazo jambo linabadilika: hapa chelo imeingia, hapa kimya, hapa sauti imepanda. Mara ya tatu kwenye spika ileile na chumba kilekile utakachotumia. Kuna sauti za chini ambazo kwenye hedifoni ulizisikia vizuri, na chumbani zinamezwa na pikipiki za barabarani. Afadhali ujue leo.

Orodha yako ya dakika itakusaidia sana kwenye mazungumzo. Mtu akisema "pale kati paliponichosha", utajua anasema pa wapi.

Hatua ya 3: Andaa karatasi ya maoni

Maswali manne tu, kwa mpangilio huu:

Umesikia nini?
Ni wapi ulishtuka, na ni wapi ulichoka: mwanzo, katikati au mwisho?
Kimekukumbusha nini, kama kipo?
Ungependa kukisikia tena?

Hakuna jina. Umri kwa makadirio unatosha.

Utaona hakuna swali la "Umependa?" Hilo ndilo kosa ninaloliona kila mahali. Ukimuuliza mtu wa kwetu kama amekipenda chakula ulichompikia, atasema kitamu hata kama chumvi imezidi. Lakini ukimuuliza ameonja nini, atakuambia kuna chumvi. Swali la nne linafanya kazi ya "umependa" bila kumweka mtu kwenye kona: mtu anaweza kusema hakikumpendeza lakini angependa kukisikia tena, na jibu kama hilo ni la thamani kuliko sifa kumi.

Andika maswali kwa Kiswahili, majibu yaje kwa lugha yoyote. Asiyetaka kuandika amwambie msaidizi wako pembeni kwa sauti ya chini.

Hatua ya 4: Panga chumba na saa

Viti viwe nusu duara, spika juu ya stuli, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Ukiiweka sakafuni kwenye saruji, besi itavuma na kila chelo itakuwa ngoma. Kaa kila kiti wewe mwenyewe kwa dakika moja muziki ukicheza.

Chagua saa kwa akili. Jumamosi jioni ligi ya Uingereza inachezwa, utabaki na akina mama na wachungaji. Jumapili asubuhi vipaza sauti vya makanisa vitakushinda. Karibu na msikiti, jua saa za adhana na uzipishe. Mimi nimezoea Jumamosi saa nne asubuhi, kabla ya mvua na kabla ya mpira.

Ukitaka kutoza kiingilio, au kufanyia mahali pa umma, ulizia kwanza habari ya leseni kwa UPRS, chama kinachosimamia haki za watunzi nchini. Kwa watu kumi sebuleni mwako, chai ni yako.

Hatua ya 5: Fungua kwa maneno machache

Sentensi nne. Mimi husema hivi: "Karibuni. Tutasikiliza kipande cha dakika tano, kisha tutaandika, kisha tutazungumza, halafu tutakisikia tena. Hakuna jibu la kosa, hata usingizi ni jibu. Simu tuzizime."

Usiache kutaja dakika. Mtu aliyeambiwa dakika tano huvumilia tano. Asiyeambiwa huanza kujiuliza kwenye ya pili kama hili jambo lina mwisho.

Usitaje mtunzi, nchi, wala maana ya kipande. Nilijifunza kwa gharama. Kikao changu cha kwanza nilianza na kwateti ya Tamusuza, nikatangaza kwa fahari kwamba huyu ni wetu, ni Mganda. Karatasi zote zilirudi na sifa: "Uganda oyee", "Mungu ambariki", "tunajivunia". Hakuna hata moja iliyosema kilichosikika. Kikao kingine cha baadaye nilicheza kipande hichohicho bila jina, kwa watu wengine. Mama mmoja anayeuza mboga akaandika: "Ni watu wa ngoma wamepewa vyombo vya kanisani." Hapo ndipo nilipoketi.

Pia usiseme "huu ni muziki mzito" wala "wasomi wanaupenda". Ukishasema hivyo, asiyesoma atanyamaza, na aliyesoma atajifanya ameelewa.

Hatua ya 6: Cheza mara ya kwanza, na unyamaze

Bonyeza, kaa, tulia. Usiwatazame usoni kama msimamizi wa mtihani. Tazama miguu na mikono. Mguu ulioanza kupiga dakika ya pili na ukaacha ya tatu umekuambia kitu ambacho mwenye mguu hatakiandika. Tia alama kwenye orodha yako ya dakika.

Kipande kikiisha, hesabu kimoyomoyo hadi thelathini kabla ya kusema lolote. Watu watataka kupiga makofi kwa adabu. Kabla ya kuanza waombe wasipige. Hili si jambo nililolibuni: mwaka 1918 mtunzi Arnold Schoenberg alianzisha Vienna chama cha kusikiliza muziki mpya kwa faragha, na sheria zake zilikataza makofi na kuzomea, waandishi wa magazeti hawakuruhusiwa, na ratiba haikutangazwa mapema ili watu wasije kwa ajili ya jina. Vipande vilirudiwa pia. Miaka kumi nyuma kwateti yake ya pili ilikuwa imezomewa katika mji huohuo, kwa hiyo alijua anakwepa nini.

Hatua ya 7: Waandike kabla hawajazungumza

Hatua hii usiiruke hata muda ukibana. Sauti ya kwanza kusikika huvuta nyingine zote. Mzee akisema "mimi nimeona ni muziki wa msiba", kila aliyesikia harusi atafuta harusi yake.

Dakika tano za kuandika, kimya. Kusanya karatasi zote, kisha ndipo mazungumzo yaanze. Na katika mazungumzo, anza na wadogo kwa umri. Hapo kuna utata wa heshima, kwa hiyo mwendee mzee wa kikao kabla, mwambie kwa faragha: "Mzee wangu, leo tunaomba utufungie mazungumzo, wewe uwe wa mwisho." Hapo atajiona amepewa heshima, wala si kunyang'anywa. Ukimruka bila kumwambia, kikao chako kijacho utakifanya na spika.

Hatua ya 8: Zungumzeni, nawe uulize "wapi?"

Maswali yako ya kufuatilia ni mawili: "wapi?" na "kama nini?" Usiulize "kwa nini?", maana "kwa nini" humfanya mtu ajitetee, na mtu anayejitetea hubuni sababu.

Mfano. Tulipocheza sehemu mbili za mwanzo za Different Trains, kama dakika 17 hivi, alikuwepo mzee aliyefanya kazi reli zamani. Nilikuwa sijasema lolote ila kwamba kuna ving'ora.

"Mzee, umesema treni. Wapi hasa?"

"Mwanangu, treni ziko mbili. Ile ya kwanza inaita kwa sauti ndefu, iliyotulia. Hii ya pili inapiga mayowe mafupi. Hiyo si treni ya nchi ileile."

"Na watu waliomo?"

"Wa kwanza wanasafiri. Hawa wengine wanapelekwa."

Nilisimama dakika nzima sina la kusema. Reich alitumia filimbi za treni za Marekani katika sehemu ya kwanza na za Ulaya wakati wa vita katika ya pili, na za Marekani huvuta sauti ndefu huku za Ulaya zikikata fupifupi. Mzee hakusoma popote. Alizijua treni.

Kosa la kawaida hapa ni kusahihisha. Mtu akisema amesikia tarumbeta na hapakuwa na tarumbeta, usimwambie "hapana, ni viola". Andika "tarumbeta, dakika ya tatu", kisha usikilize mwenyewe dakika ya tatu. Huenda yeye ndiye aliyesikia vizuri. Masikio ya huku yamezoea kusikia kitu ambacho hakuna mmoja anayekipiga. Amadinda ya Buganda, marimba ya mbao, ina funguo 12 na wapigaji watatu: omunazi na omwawuzi hupishana, kila mmoja akijaza nafasi ya mwenzake, na omukoonezi huongeza wake, na nyimbo unazozisikia juu yake hazimo mkononi mwa yeyote kati yao. Gerhard Kubik wa Austria, aliyekuja Uganda karibu na mwaka 1960 kujifunza kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, aliliandika jambo hilo kwa kirefu. Huku Busoga tuna embaire, marimba nyingine ambayo watu kadhaa huikalia na kuipiga pamoja, na bigwala, zile tarumbeta za vibuyu ambazo kila moja ina sauti moja tu na wimbo hupatikana wote wakipishana. Mtu aliyekulia kwenye bigwala haogopi kwateti inayogawanya wimbo vipande vipande. Huwa anasema tu kwamba wamechelewa kuanza kucheza.

Hatua ya 9: Taja jina, kisha cheza mara ya pili

Sasa ndipo unasema ni nani aliyetunga, wa wapi, mwaka gani. Sentensi mbili. Cheza tena. Wape karatasi ya pili yenye swali moja: "Safari hii kimebadilika nini?"

Majibu ya mara ya pili mara nyingi hupingana na ya kwanza, na hapo ndipo utamu wa kazi ulipo. Wengine husema kipande kimekuwa kifupi. Wengine waliosema "kelele" huanza kutenganisha kelele: ipo ya juu, ipo ya chini. Na wapo ambao mara ya pili huchoka zaidi, kwa sababu mshtuko umeisha na hakuna kilichobaki. Usiwafiche hao katika hesabu yako.

Hatua ya 10: Soma karatasi siku ileile

Usiku huohuo, kabla hujasahau nani alikaa wapi. Mimi hugawa maneno katika mafungu: vitu (mvua, nyuki, treni, shoka), mwili (usingizi, kichwa kuuma, nywele kusimama), hukumu (nzuri, mbaya, ya kishetani), na maswali. Fungu la maswali ndilo ninalolisoma mara mbili. Juu ya bahasha andika tarehe, idadi ya watu, chumba, spika gani, na hali ya hewa. Hali ya hewa si mzaha, nimeshakuambia habari ya mabati.

Usitoe asilimia. Watu kumi na mmoja hawana asilimia. Sema "watatu kati ya kumi na mmoja walisinzia", inatosha.

Mambo yakienda mrama

Wanacheka. Kawaida ni dakika mbili za mwanzo, hasa wapigaji wakikwaruza nyuzi au kupiga kelele za mdomo. Usikemee. Waache wacheke, tia alama dakika, kisha kwenye mazungumzo uulize: "Tulicheka wapi, na kilichochekesha ni nini?" Nimepata maoni bora kutoka kwenye kicheko kuliko kutoka kwenye kimya cha heshima.

Mtu amelala. Mwache. Muulize baadaye alilala kwenye sauti gani na aliamshwa na nini. Dereva mmoja wa bodaboda aliyekesha kazini alilala kwenye Spiegel im Spiegel tangu mwanzo hadi mwisho, akaandika: "Nilipumzika. Kirudieni."

"Huu si muziki." Hilo ni jibu zuri ukilifuatilia. Muulize: "Dada, kingehitaji kuwa na nini ili kiwe muziki?" Utapata orodha: ngoma, maneno, mwisho unaojulikana. Iandike yote.

Mtu anasema ni mapepo. Hutokea, hasa kwa Black Angels, na kusema kweli mtunzi mwenyewe alitia mambo ya shetani na malaika ndani yake, kwa hiyo huyo mtu hakukosea sana. Usibishane dini. Mruhusu atoke, mpe chai, mwombe karatasi yake.

Kimya, hakuna anayesema. Gawa watu wawili wawili wazungumze dakika tatu, kisha kila mmoja aseme alichosikia mwenzake. Kusema ya mwingine ni rahisi kuliko kusema yako.

Mmoja anatawala. Mpe kazi ya kushika saa.

Umeme umekatika katikati ya kipande. Kama huna betri, usianze tena pale ulipoachia. Waandike walichosikia hadi hapo. Umeme ukirudi, anza mwanzo.

Wanauliza nauli. Watu wamezoea semina za mashirika, ambako ukikaa kwenye kiti unarudishiwa nauli na kupewa posho (nasema posho ya fedha, si ile tunayokula na maharage). Sema wakati wa kualika, si wakati wa kufunga, kwamba kuna chai tu. Watakaokuja kwa ajili ya chai ni wachache, lakini hao husikiliza.

Wote wamesema "nzuri sana" na hakuna zaidi. Rudi kwenye Hatua ya 5, ukumbuke ulisema nini ulipofungua. Mara nyingi utakuta uliwasifia kipande kabla ya kukicheza.